Rushwa hospitalini: Mgonjwa anadaiwa nini, na hadaiwi nini

Na Mwandishi Wetu

Katika kuta za hospitali, vituo vya afya na zahanati nyingi za umma nchini kuna matangazo mawili ambayo wananchi wameyazoea kiasi kwamba hawayasomi tena. La kwanza linaeleza kuwa huduma kwa mama mjamzito na mtoto aliye chini ya miaka mitano hutolewa bila malipo. La pili linamtaka mwananchi anayeombwa rushwa apige simu namba 113, isiyo na gharama, kwa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU). Matangazo hayo yanahusiana kuliko inavyodhaniwa. Pale ambapo mwananchi hajui kwa uhakika ni huduma ipi inalipiwa, kwa kiasi gani na kwa nani, ndipo rushwa inapopata mlango wa kuingilia.

Rushwa inapotajwa, wengi hufikiria mikataba mikubwa na mabilioni ya shilingi. Sekta ya afya haijaepukana na hatari hiyo, hasa katika ununuzi wa dawa na vifaa tiba, na ndiyo maana hesabu zake hukaguliwa kila mwaka na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na taarifa kuwasilishwa bungeni. Lakini rushwa ambayo mwananchi wa kawaida hukutana nayo ana kwa ana ni ile inayoitwa ndogo: shilingi 5,000 mapokezi, shilingi 10,000 mlangoni pa wodi ya wazazi, kiasi kikubwa zaidi ili jina lisogezwe juu katika orodha ya upasuaji. Makala haya yanahusu rushwa hiyo ndogo, ambayo kwa anayeumwa si ndogo hata kidogo.

Kwanza ni vema kueleza kwa nini rushwa ya hospitalini ina uzito wa pekee. Mwananchi anayeombwa rushwa katika ofisi inayotoa vibali anaweza kurudi nyumbani, akatafakari, akashauriana na ndugu, kisha akaenda kulalamika siku ya pili. Mgonjwa hana wasaa huo. Mama aliyeanza uchungu saa nane za usiku hawezi kuahirisha, na mtoto mwenye degedege hasubiri ofisi zifunguliwe asubuhi. Zaidi ya hapo, mgonjwa hajui anachokihitaji mpaka aambiwe. Akielezwa kuwa anahitaji kipimo fulani, dawa ya aina fulani au upasuaji, hana mizani ya kupimia kauli hiyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mgonjwa hulazimika kumfunulia mtaalamu mwili wake na siri zake, akiamini kwamba yule aliye mbele yake hana nia nyingine isipokuwa kumponya.

Kwa sababu hiyo, maadili katika udaktari, uuguzi na ukunga hayawezi kuwa pambo linaloongezwa juu ya utaalamu. Ni sehemu ya tiba yenyewe. Kauli ya daktari inapokuwa na bei, mgonjwa hawezi tena kujua kama anatibiwa au anauziwa.

Tatizo hili lina historia. Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Rushwa mwaka 1971, ikaunda Kikosi cha Kuzuia Rushwa mwaka 1975, na tangu enzi za TANU rushwa ilitajwa katika ahadi za mwanachama kuwa ni adui wa haki. Katika sekta ya afya, huduma zilitolewa bure na Serikali, na mwaka 1977 sheria ikazuia hospitali binafsi zinazoendeshwa kwa faida. Zuio hilo liliondolewa mwaka 1991, na mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za umma. Mabadiliko yote mawili yalikuwa na sababu za msingi; hospitali zilikuwa zimeishiwa dawa, na Serikali peke yake isingeweza kubeba mzigo wote. Hata hivyo, mabadiliko hayo yalileta mambo mawili mapya kwa pamoja: fedha taslimu mikononi mwa watumishi wa vituo, na mtumishi wa umma ambaye asubuhi anatibu hospitali ya Serikali na jioni anatibu kituo binafsi. Vyombo vya kusimamia mambo hayo vilichelewa kuliko mambo yenyewe.

Mwaka 1996, Tume ya Rais ya Kuchunguza Kero ya Rushwa, iliyoongozwa na Jaji Joseph Sinde Warioba, ilikabidhi taarifa yake kwa Rais Benjamin William Mkapa. Taarifa hiyo ilitofautisha rushwa ya wakubwa inayotokana na tamaa na rushwa ya watumishi wa ngazi za chini inayohusishwa na ugumu wa maisha, na huduma za afya zilikuwa miongoni mwa maeneo iliyoyagusa. Sheria Na. 11 ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ilitungwa mwaka 2007, na ndiyo inayotumika hadi leo pamoja na marekebisho yake.

Sasa tuangalie namna jambo lenyewe linavyotokea, kwa kuwa wananchi wengi hulipa bila kutambua kwamba wametoa rushwa.

Njia iliyo wazi zaidi ni foleni. Mgonjwa au ndugu yake hudokezwa kwamba daktari ana wagonjwa wengi, kwamba kitanda hakuna, kwamba mashine ina ratiba ndefu, lakini "tunaweza kuangalia". Kinachouzwa hapo ni nafasi ya mgonjwa mwingine. Ikumbukwe kuwa ipo foleni halali inayorukwa: mgonjwa wa dharura hutangulizwa kwa sababu ya hali yake, na hakuna anayepaswa kunung'unika kwa hilo. Anayetangulizwa kwa sababu ya mfuko wake amemwondoa mtu ambaye huenda alikuwa na hali mbaya zaidi, na mtu huyo hatamfahamu kamwe.

Njia ya pili ina utata mkubwa zaidi, nayo ni vifaa. Mama mjamzito huelezwa aje na glovu, pamba, nyembe, mpira wa kutandika na vibanio vya kitovu. Sera inasema huduma ni bure; mbona basi anaagizwa vifaa? Ukweli ni kwamba upungufu hutokea, na mkunga asiye na glovu hawezi kuzalisha kwa usalama wake wala wa mama. Si kila anayeagiza vifaa anaomba rushwa, na si haki kumhukumu hivyo. Tofauti ipo katika namna jambo linavyofanyika. Upungufu wa kweli unafahamika kwa mganga mfawidhi, umeandikwa katika kumbukumbu za stoo, na mama huelezwa mapema kliniki ili ajiandae. Pale ambapo stoo ina vifaa lakini mtumishi anamtaka mama ampe yeye fedha mkononi ili "akamtafutie", usiku, bila karatasi yoyote, hiyo imevuka mpaka. Swali moja tu hutenganisha mambo hayo mawili: fedha hii inaandikwa wapi?

Dawa nazo zina mwendo wake. Mgonjwa huandikiwa dawa, akaambiwa dirishani kuwa haipo, kisha akaelekezwa duka fulani, si duka lolote, bali lile. Huenda dawa haipo kweli. Lakini huenda pia duka ni la mtumishi au la mtu anayempa chochote kwa kila mgonjwa aliyemleta, na katika hali mbaya zaidi dawa inayouzwa pale ndiyo ile iliyotoka stoo ya kituo. Kutokana na wizi wa namna hiyo, Bohari ya Dawa (MSD) ilianza kuweka alama ya GOT kwenye dawa za Serikali ili ziweze kutambulika zikionekana katika maduka binafsi. Mwananchi anayeuziwa dukani dawa yenye alama hiyo ana kila sababu ya kuuliza na kutoa taarifa.

Iko pia rushwa isiyotaja fedha kabisa. Daktari anamwambia mgonjwa kuwa hapa utasubiri miezi, lakini njoo jioni kwenye kliniki yangu. Mtaalamu anaagiza kipimo kisichohitajika kwa sababu maabara binafsi humlipa asilimia fulani kwa kila mgonjwa. Mtumishi anasaini daftari la mahudhurio, kisha anatoweka kwenda kufanya kazi kwingine, huku mshahara wake wa umma ukiendelea kuingia. Kufanya kazi binafsi baada ya saa za kazi kwa kufuata taratibu si kosa. Kosa ni kutumia hospitali ya umma kama mahali pa kukusanyia wateja wa kliniki binafsi, au kuuza saa ambazo tayari zimelipwa na mlipa kodi. Kwa maoni ya mwandishi, aina hii ya rushwa ina madhara makubwa kuliko bahasha, kwa kuwa haiachi malalamiko. Mgonjwa huondoka akimshukuru daktari kwa kumsaidia.

Na kuna rushwa ya ngono. Sheria ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 25, ililitaja kuwa ni kosa kwa mtu mwenye mamlaka kudai ngono au upendeleo mwingine wowote kama sharti la kutoa ajira, kupandisha cheo, au kumpatia mtu haki au upendeleo fulani. Katika sekta ya afya walio katika hatari zaidi ni wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, watumishi wapya na wagonjwa wenyewe. Aibu huwafunga wengi midomo.

Hapa panahitaji kuzungumziwa jambo ambalo wananchi huuliza mara kwa mara: je, asante ni rushwa? Katika desturi zetu, mtu aliyetendewa wema haondoki hivi hivi. Familia ambayo mtoto wao amepona huja na kuku, mkungu wa ndizi au kitenge kwa mkunga. Wapo wanaosema mkono mtupu haulambwi, na kwa methali hiyo wakahalalisha kila kitu. Sheria haitazami kitu chenyewe peke yake, bali nia na mazingira. Kifungu cha 15 kinamgusa anayeomba, anayepokea au anayekubali kupokea manufaa yoyote kama kishawishi au zawadi ya kutenda, au kutotenda, jambo linalohusu kazi ya mwajiri wake. Kwa hiyo zawadi inayotolewa baada ya tiba, nayo ikiwa ni malipo ya upendeleo, haisafishwi na neno asante. Kanuni za maadili ya utumishi wa umma pia zinamtaka mtumishi asiombe wala kupokea zawadi kutoka kwa anayemhudumia ikiwa inaweza kuathiri utendaji wake au kuonekana hivyo.

Katika maisha ya kila siku, wakati na uwazi husaidia kutenganisha. Kinachotolewa kabla ya huduma hakiwezi kuitwa shukrani, kwa kuwa hakuna bado cha kushukuriwa. Kinachotolewa kwa kificho, kikapenyezwa mfukoni mwa koti jeupe, kina dosari hata kama mtoaji alikuwa na moyo safi. Na hata shukrani ya dhati ina kasoro moja ambayo wauguzi waadilifu wanaielewa vizuri: mgonjwa wa kitanda cha pili anaona. Anaanza kujiuliza kama naye alipaswa kutoa, na kama kuchelewa kwa sindano yake kunatokana na mikono yake mitupu. Anayetaka kushukuru anaweza kuandika barua kwa mganga mfawidhi akimtaja mtumishi kwa jina. Karatasi hiyo huingia katika jalada la mtumishi na ina thamani kwake kuliko wengi wanavyofikiri. Kama nia ni kutoa kitu, kinaweza kutolewa kwa kituo kwa utaratibu ulio wazi, na kupokelewa kwa maandishi.

Desturi ya kutoa haikomei kwa wagonjwa. Kampuni zinazouza dawa zina mawakala wanaotembelea madaktari, na biashara hiyo duniani kote imejaa kalamu, chakula cha mchana, semina hotelini na safari. Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo vya maadili ya utangazaji wa dawa mwaka 1988, na hapa nchini Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) inadhibiti matangazo ya dawa. Daktari anaweza kudhani kuwa kalamu haimbadilishi, lakini kampuni zisingetumia fedha hizo kama hazirudi. Zinaporudi, mgonjwa huandikiwa dawa ya bei kubwa wakati iko ya bei nafuu yenye nguvu ileile, au huandikiwa antibiotiki kwa mafua ambayo antibiotiki haiyatibu. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao sasa unaitia hofu dunia nzima, una sababu nyingi, na uandikaji wa dawa usio wa lazima ni mojawapo.

Mwananchi naye hana budi kujitazama. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, umekuwa ukipambana na udanganyifu wa pande mbili. Upande mmoja, baadhi ya watoa huduma hudai malipo ya vipimo ambavyo havikufanyika, dawa ambazo hazikutolewa, au siku za kulazwa ambazo mgonjwa alikuwa nyumbani kwake. Upande wa pili, wapo wanachama wanaoazimisha kadi kwa jamaa asiye na bima, na wapo wanaotia saini fomu za madai bila kuzisoma. Kuazimisha kadi huonekana kama utu. Nani atamnyima mdogo wake? Lakini mbali na kuwa ni udanganyifu, kuna hatari ya kitabibu ambayo haizungumzwi vya kutosha. Taarifa za ugonjwa, mzio na kundi la damu la aliyeazima huingia katika jalada la mwenye kadi. Siku mwenye kadi atakapofikishwa hospitali akiwa hajitambui, daktari atasoma historia ya mtu mwingine. Suala hili linazidi kuwa muhimu kwa kuwa Bunge lilikwishapitisha, mwaka 2023, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mfuko unaochangiwa na wengi huibiwa wengi.

Watumishi wa afya wenyewe wanasemaje? Wapo wengi, na ni wengi kuliko waliopotoka, wanaofanya kazi kwa uadilifu katika mazingira magumu: muuguzi mmoja wodini usiku mzima, zahanati yenye mtumishi mmoja au wawili, daktari anayefanya upasuaji wa dharura akiwa hajalala. Upungufu wa watumishi ni jambo ambalo Serikali yenyewe imelikiri mara nyingi, na ajira zimekuwa zikitangazwa kupunguza pengo hilo. Ugumu huo ni wa kweli, na unaeleza kwa nini mgonjwa husubiri. Hauelezi kwa nini aliyetoa fedha hasubiri. Iwapo muuguzi aliyechoka anapata nguvu ghafla baada ya kupokea shilingi 10,000, basi uchovu haukuwa sababu.

Mmomonyoko wa maadili pia hurithishwa. Mwanafunzi wa udaktari hufundishwa darasani kuhusu kiapo na Azimio la Geneva la mwaka 1948, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililifanyia marekebisho mwaka 2017. Kisha hupelekwa wodini. Huko hujifunza kwa kutazama, na anachokiona kwa mkubwa wake ndicho anachokichukua kuwa kazi. Daktari bingwa anayemkemea mtumishi aliyeomba fedha, mbele ya wanafunzi, amefundisha somo la maadili kwa dakika mbili.

Serikali imechukua hatua kadhaa ambazo zimelenga kuondoa mazingira ya rushwa badala ya kusubiri kosa litendeke. Malipo katika hospitali za umma hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kupitia benki au simu ya mkononi, hivyo fedha haipaswi kupita mkononi mwa anayetibu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, na kamati ya usimamizi wa kituo yenye wawakilishi wa wananchi ina wajibu wa kufuatilia matumizi. Wajumbe hao hushiriki pia kupokea dawa zinapofika, ili kinachoshushwa kwenye gari kilingane na kilichoandikwa. Mwaka 2014 mkoani Dodoma ulianza mfumo wa mshitiri, ambao baadaye ulienezwa nchi nzima. Kupitia mfumo huo, kituo kinachokosa dawa MSD hununua kwa msambazaji binafsi aliyepatikana kwa ushindani, badala ya kila mganga mfawidhi kujitafutia muuzaji wake.

Mifumo hii inafanya kazi pale inapotumika. Haifanyi kazi pale ambapo "mtandao uko chini" kila siku baada ya saa tisa alasiri, wala pale ambapo mjumbe wa kamati husaini hati ya kupokelea dawa akiwa nyumbani. Mwananchi ambaye hajawahi kuuliza mjumbe wa kamati ya zahanati yake ni nani angeanza na swali hilo. Jina lake si siri.

Kuhusu kile ambacho mgonjwa hadaiwi, msimamo wa sera ni huu. Mama mjamzito, mtoto aliye chini ya miaka mitano, na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo wana msamaha. Dawa za kifua kikuu na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bure, vivyo hivyo chanjo za watoto. Damu haiuzwi. Ndugu wanaweza kuombwa wachangie damu ili benki isikauke, na hilo ni jambo jema, lakini hakuna mtumishi mwenye ruhusa ya kupokea fedha kwa chupa ya damu. Asiye na uwezo wa kulipa, hata kama hayumo katika makundi hayo, apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni kuchunguza hali yake na kupendekeza msamaha. Wananchi wengi hawajui kuwa afisa huyo yupo, na matokeo yake huuza mbuzi au kukopa kwa riba ili kulipa deni ambalo pengine lingesamehewa. Kwa huduma nyingine zote, bei inapaswa kubandikwa mahali panaposomeka, na kila malipo yawe na stakabadhi.

Madhara ya kukiuka hayo hayaishii kwa aliyetozwa. Mama akidaiwa fedha ambazo hakupaswa kudaiwa, anarudi kijijini na kusimulia. Jirani yake mwenye ujauzito wa miezi minane, asiye na hata shilingi 2,000, anapiga hesabu na kuamua kujifungulia nyumbani. Akitokwa na damu nyingi, hakuna atakayeandika kwenye cheti chochote kwamba rushwa ilihusika.

Adhabu zipo. Kwa mujibu wa kifungu cha 15 kama kilivyotungwa mwaka 2007, anayepatikana na hatia hutozwa faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi shilingi 1,000,000, au kifungo kisichopungua miaka mitatu na kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili. Kifungu hicho kinamhusu anayetoa sawa na anayepokea, jambo ambalo huwatia hofu waathirika. Ndiyo maana inashauriwa taarifa itolewe kabla ya kulipa. TAKUKURU ina uwezo wa kuandaa mtego, na mwananchi aliyetoa taarifa mapema anakuwa amesaidia uchunguzi. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa za Uhalifu na Mashahidi ya mwaka 2015 inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema, pamoja na usiri wa utambulisho wake.

Kesi ya jinai si njia pekee. Mtumishi anaweza asiwe na hatia mahakamani kwa kukosekana ushahidi wa kutosha, lakini akawa amevunja maadili ya taaluma yake, na hilo lina vyombo vyake. Baraza la Madaktari Tanganyika hushughulikia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi chini ya sheria ya mwaka 2017. Baraza la Uuguzi na Ukunga lina sheria yake ya mwaka 2010, na Baraza la Famasi ya mwaka 2011. Mabaraza haya yanaweza kuonya, kusimamisha usajili kwa muda, au kumfuta mhusika katika daftari asitibu tena. Kwa mtaalamu, kufutwa ni adhabu nzito kuliko faini.

Kwa jambo la papo kwa papo, mgonjwa au ndugu yake aanze kwa mganga mfawidhi au muuguzi kiongozi wa zamu, ambaye anaweza kulimaliza hapo hapo huduma ikiendelea. Asiporidhika, aende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkurugenzi wa Halmashauri. Kwa rushwa, simu ni 113, au ofisi ya TAKUKURU ya wilaya. Kwa upande wa Zanzibar, ambako afya si suala la Muungano, chombo husika ni Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi Zanzibar (ZAECA).

Taarifa isiyo na maelezo ya kutosha ni vigumu kuchunguzwa. Mlalamikaji aandike tarehe na saa, jina la kituo, wodi au chumba, kiasi kilichoombwa, maneno yaliyotumika, na nani mwingine alikuwepo. Kama jina la mtumishi halijulikani, ifahamike kuwa kila zamu ina orodha ya watumishi waliokuwa kazini, hivyo saa sahihi inatosha kuanzia. Stakabadhi, kadi ya kliniki na ujumbe wa simu wa muamala vihifadhiwe, vikiwemo vile vya malipo yaliyotumwa kwa namba binafsi ya mtumishi, ambavyo mara nyingi ndivyo mlalamikaji huvifuta kwanza.